Mbwa wa Shamba Aliyekonda: Haki Yake kwa Mwenyewe na Namna ya Kumrudishia Afya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Tumepokea suali kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa shamba, hapa Unguja. Baba yake amefariki na amewaachia shamba la mihogo na migomba, pamoja na mbwa aliyekuwa akilifukuzia kima na wezi. Tangu mzee afariki, mbwa yule amekosa mtu wa kumshughulikia. Mbavu zake sasa zinahesabika, akisimama miguu ya nyuma inatetemeka. Jirani anamwambia amwache afe tu, kwani mbwa hana haki kwa Muislamu. Mkewe anachelea najisi. Mtoto wao wa skuli naye humpelekea mbwa mkate wake wa asubuhi kwa siri. Ndugu yetu anauliza: je, ana dhambi kwa njaa ya mbwa huyu? Na akitaka kumlisha, amlishe nini hata mwili umrudie? Na nyumba yake itabaki vipi na twahara?

Tumeona tulijibu kwa urefu, maana masuali ya namna hii yanatufikia mara kwa mara, na wengi wanayauliza kwa haya.

Kwanza, kufuga. Asli ya jambo ni kuwa mbwa hafugwi kwa fakhari wala kwa mchezo. Hadithi sahihi walizozipokea Bukhari na Muslim zinaeleza kuwa anayefuga mbwa bila ya haja hupungukiwa kila siku na qirati moja ya thawabu za amali zake, na katika riwaya nyingine qirati mbili. Lakini hadithi hizo hizo zimemtoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amesema katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu pia kumfuga kwa kulinda nyumba, kwa kukisia hao watatu, kwani sababu ni moja, nayo ni haja. Mbwa wa ndugu yetu hata kiyasi hakihitaji. Ni mbwa wa shamba, na ruhusa yake imo katika matini yenyewe.

Sasa kauli ya jirani. Kusema kuwa mbwa hana haki kwa Muislamu ni kuchanganya mambo mawili. Mbwa ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi, hilo halina mjadala kwetu. Lakini unajisi wa mnyama hauondoi haki yake ya kula na kunywa. Vipi uondoe, na Mtume (S.A.W.) ametuhadithia habari ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno hadi juu akamnywesha, na Allah akamsamehe? Masahaba walipouliza kama wana ujira hata kwa wanyama, aliwajibu kuwa ujira upo kwa kila kiumbe chenye uhai. Na yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, akaingia Motoni kwa ajili yake. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim, na watoto wetu wa chuoni wanazijua kwa moyo. Tunashangaa wakubwa wanapozisahau wakifika kwenye banda la mbwa.

Iliyo karibu zaidi na suali hili ni ile aliyoipokea Abu Daud. Mtume (S.A.W.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake limegandana na mgongo kwa njaa, akawaamrisha watu wamche Allah kwa ajili ya wanyama hawa wasiosema. Hakuuliza ngamia wa nani. Kukonda kwenyewe kulikuwa ushahidi wa kutosha.

Mafaqihi wamelijengea jambo hili hukumu. Aliyesoma Minhaj kwa mwalimu atakumbuka katika mlango wa tayammum kuwa mtu mwenye maji machache, na pamoja naye kuna mnyama mwenye heshima ya kisharia ambaye ana kiu, hutayamamu na maji akampa mnyama. Na mbwa mwenye manufaa amo ndani ya hao wenye heshima. Asiyekuwamo ni mbwa mkali anayejeruhi watu. Hebu lizingatieni hilo: udhu wa sala unaachiwa nafasi kwa ajili ya kiu ya mbwa. Na Imam Izzuddin bin Abdissalam, alipotaja haki za wanyama juu ya mwanadamu, alianza na kumlisha mnyama hata akiwa amezeeka au ameugua hata hanufaishi tena. Basi ndugu yetu, kumlisha mbwa huyu ni wajibu juu yenu warithi maadamu yumo mikononi mwenu, na kumwacha afe kwa njaa ni dhambi. Hayo ndiyo tunayoyaona.

KABLA YA KUMLISHA, JUENI KWA NINI AMEKONDA

Mambo ya tiba si fani yetu, kwa hiyo tumewauliza madaktari wa mifugo, na tunayoyaandika hapa ni waliyotufahamisha.

Mbwa wetu wa kienyeji kwa tabia ni mwembamba. Kiuno kilichoingia ndani si maradhi. Kinachotazamwa ni mifupa. Mbwa mzima, ukimpitishia mkono ubavuni, mbavu unazihisi chini ya nyama kidogo lakini huzioni kwa mbali. Mbwa aliyekonda huonekana mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga ukiwa umesimama mbali naye, na mapaja yamekwisha nyama. Kumgusa kwa mkono mkavu naye mkavu hakuna najisi inayohama, na kumgusa hakutengui udhu. Mwenye wasiwasi avae mfuko wa nailoni mkononi.

Njaa ni sababu moja tu. Nyingine kubwa katika visiwa vyetu ni minyoo, au michango kama wazee wanavyoita. Kuna safura inayonyonya damu ndani ya utumbo, na alama yake ni ufizi uliopauka, mweupe badala ya kuwa mwekundu. Kuna tegu, ambalo vipande vyake huonekana kama punje za mchele nyuma ya mbwa, na mbwa hulipata kwa kumeza viroboto. Ukimpa mbwa wa namna hii chakula mara mbili ya kawaida, unailisha minyoo. Tena hili si lake peke yake: vijidudu vya safura ya mbwa huingia katika ngozi ya mtoto anayetembea pekupeku juu ya udongo alionyea mbwa, vikaacha michirizi inayowasha mno. Basi dawa ya minyoo ni jambo la mwanzo. Hupimwa kwa uzito wa mbwa na kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu, na daktari ndiye wa kuipanga. Kinyesi kifukiwe mbali na pale watoto wanapochezea.

Kupe nao huleta maradhi ya damu. Mbwa anakuwa na homa, hataki kula, anazidi kupungua kila siku. Hapa tunatahadharisha jambo moja tulilolisikia zaidi ya mara moja: kumwagia mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia. Dawa hiyo ikizidi humuua, kwani mbwa hujilamba. Wala asipewe panadoli au vidonge vya maumivu vya binadamu.

Sababu nyingine ni meno yaliyooza, figo, uzee, na kwa jike kunyonyesha. Mbwa anayekula vizuri na bado anakonda, au anayetapika na kuharisha siku mbili mfululizo, huyo apelekwe kwa daktari, asipewe chakula zaidi.

Na kabla ya yote hayo, kuna mbwa ambaye hamfai kumkaribia kabisa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeyumba au kung'ata kila kilicho mbele yake, huenda ana kichaa cha mbwa. Msimtilie mkono kinywani mkidhani amekwamwa na mfupa. Watoto waingizwe ndani, na apewe taarifa sheha na ofisi ya mifugo. Aliyeumwa, hata kwa mkwaruzo mdogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu huwa karibu hakuna kupona. Ndiyo maana chanjo ya mbwa wa shamba ni sehemu ya kumfuga, na katika kampeni za chanjo asifichwe.

CHAKULA, NA KUTOKUFANYA HARAKA

Mtu akimwonea huruma mbwa mwenye njaa, linalomjia kwanza ni kumjazia karai la wali. Huruma hiyo inaweza kumuua. Mwili uliokaa na njaa kwa siku nyingi umeishiwa na madini, hasa fosforasi. Wanga mwingi ukiingia kwa ghafla, madini machache yaliyobaki katika damu yanavutwa kuingia ndani ya seli, moyo na misuli ikayakosa. Mbwa anaanguka siku chache baada ya kuanza kushiba, na watu wakasema alikuwa na ajali yake tu.

Njia salama ni hii. Aliyedhoofika sana aanze na theluthi hadi nusu ya chakula anachostahiki kwa siku, nacho kigawiwe mara nne au tano, kidogo kidogo. Kila siku kiongezwe kidogo, hata ifike siku ya saba au ya kumi awe anapata sehemu yake kamili. Baada ya hapo milo mitatu kwa siku inatosha, na akishanenepa, miwili. Maji safi yawepo saa zote. Kama hawezi kusimama, au hali chochote kwa siku nzima, huyo aanzie kwa daktari.

Sehemu kamili ni kiasi gani? Hupimwa kwa uzito anaotakiwa kuwa nao, si ule aliokondea. Tuchukue mbwa wa shamba ambaye uzito wake wa afya ni kilo 15. Huyo anahitaji kwa siku nishati inayokaribia kilokalori 850. Kwa vyakula vyetu, hiyo ni takriban gramu 300 za wali uliopikwa, gramu 300 za samaki aliyechemshwa na kutolewa miba, yai moja lililochemshwa na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia. Wali si lazima. Ugali, viazi vitamu au muhogo uliopikwa ukaiva vinashika nafasi yake. Muhogo mbichi asipewe, na hasa ule mchungu, una sumu.

Kosa la wengi wetu ni kuwa mbwa hupewa wanga mtupu: ukoko wa wali, ugali wa jana, vipande vya mkate. Tumbo linajaa, mwili haujengeki, kwa sababu nyama hairudi bila ya protini. Wala protini haina haja ya kuwa ghali. Vichwa vya samaki na matumbo ya kuku hupatikana sokoni kwa bei ndogo, na mara nyingine bure kwa muuzaji anayekujua. Dagaa ni bora zaidi, kwani huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ina chokaa ambayo mwili unaihitaji. Lakini dagaa wetu wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Warowekwe kwanza, maji yamwagwe, waoshwe tena, ndipo wapikwe. Asiyetumia dagaa akaushe maganda ya mayai yaliyochemshwa, ayasage yawe unga, atie nusu kijiko cha chai kwa siku.

Mapafu na maini ya ng'ombe yapikwe yaive, yasitupwe mabichi mbele ya mbwa. Ndani yake huweza kuwamo vifuko vya maji ambavyo ni watoto wa aina ya tegu, na kwa njia hiyo maradhi huzunguka kutoka kwa mnyama hadi kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu. Siku ya Idi, tunapochinja, hili lichungwe zaidi. Mafuta yasizidi kile kijiko kwa siku, kwani yakizidi humharisha. Maziwa ya ng'ombe mbwa wengi wakubwa hayawakai.

Tunakuja kwenye makombo ya nyumba, na hapa tunawaomba mama zetu watusikilize. Pilau na biriani si chakula cha mbwa. Kitunguu maji na kitunguu thomu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe za damu yake, na mbwa mwenye safura damu hiyo ndiyo aliyokosa tangu mwanzo. Zabibu zilizomo ndani ya biriani zinaweza kuharibu figo. Chokoleti pia ni sumu kwake, na vitafunio visivyo na sukari vyenye utamu wa zailitoli ni hatari kubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikawa kama sindano ndani ya utumbo. Kokwa za tende huziba. Linalofaa ni kumtengea sehemu yake ya wali kabla kitunguu hakijaingia sufuriani.

Kuku akijifia bandani, je, mbwa apewe? Kifiqhi Nawawi ametaja katika Majmu kuwa inajuzu kumlisha mbwa mzoga. Kitabibu, kuku aliyekufa kwa ugonjwa au kwa sumu ya panya atamdhuru, basi bora azikwe. Na anayenunua chakula cha mbwa cha dukani asome karatasi yake, kwani vingine vina nguruwe, na sisi hatuna ruhusa ya kumnunua nguruwe hata kama mlaji ni mbwa.

Katika Ramadhani ratiba ya jikoni hubadilika, na wanyama husahauliwa mchana kutwa. Mbwa hana saumu. Apewe maji na chakula chake cha asubuhi kama siku nyingine.

TWAHARA YA NYUMBA

Mama wa nyumba ana haki ya kuchelea, lakini jambo ni jepesi likipangwa. Mbwa akae shambani au nje, na awe na banda lenye kivuli na sakafu kavu. Awe na sahani yake na chombo chake cha maji, visivyoingia jikoni. Chakula chake kinaweza kupikwa kwa sufuria yoyote ya nyumbani, kwani chakula kwa kupikiwa mbwa hakijawa najisi. Kinachonajisi ni mdomo wake. Basi pakua ndani, toka nacho kwa upawa au kopo, mimina kutoka juu bila ya kugusa sahani yake, na hujapata chochote. Maji yanayoruka kutoka katika sahani hiyo ndiyo ya kuepukwa.

Ikitokea amelamba chombo chenu, au mkono, au nguo, au amegusa kitu hali mmoja wao ni majimaji, basi huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo ulio twahara. Kwanza liondoke lile tope la mate, na kuliondoa kunahesabiwa mara moja ijapokuwa umemwaga maji zaidi ya mara moja. Udongo ukitiwa katika lile la mwanzo ni bora. Wengi huuliza kama sabuni inatosha badala ya udongo. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa haitoshi, udongo wenyewe ndio uliotajwa. Kwenye maji machache yaliyolambwa, yote humwagwa. Kwenye chakula kilichoganda, huondolewa pale alipogusa na pembeni yake, kilichobaki kinalika. Ardhi ya udongo ikipatwa na najisi yake humwagiwa maji mara saba bila ya kuongezwa udongo mwingine.

Imam Malik yeye anaona mbwa ni twahara, na kuosha chombo ni ibada tu. Tunaitaja ili mkimwona ndugu kutoka nchi za Maghribi hajali kama mnavyojali, msimvunjie heshima.

Mtoto anayempelekea mbwa mkate asigombezwe. Apewe kopo la kumiminia, afundishwe kusimama kando mbwa anapokula, kwani mbwa mwenye njaa huweza kumuuma hata anayemjua, na afundishwe kuosha mikono yake. Mkate wake ale mwenyewe.

Kila wiki mbwa apimwe. Mwenye mizani ya kusimama ambebe akiwa mkavu, kisha atoe uzito wake mwenyewe. Asiye na mizani amfunge kamba kiunoni na kifuani, atie alama. Kikipita kipindi cha wiki tatu na hakuna kilichoongezeka, naye anakula na amepewa dawa ya minyoo, arudishwe kwa daktari. Zile mbavu zikifunikwa, chakula kisiongezwe tena.

Na kama warithi hawaliwezi jambo hili, au shamba litauzwa na haja ya mbwa imekwisha? Kwetu Mashafi mbwa hauzwi, na thamani yake si halali. Mtolee mkono bure, apewe mkulima mwingine mwenye haja naye na mwenye uwezo wa kumlisha, pamoja na kuambiwa dawa alizopewa na tarehe ya chanjo yake. Kumfungia kamba mahali asipoweza kujitafutia na kuondoka, hilo ndilo alilolifanya yule mwanamke wa paka. Hadi apatikane wa kumpokea, nafaka na samaki wake ni juu ya warithi wote, si juu ya yule anayeishi karibu na shamba peke yake.

Wallahu aalam.